Akiru na Mkono Uliofunika Mdomo

Nina umri wa miaka ishirini na tisa. Shule niliiacha darasa la saba. Sikuwa mjinga... ni miguu tu iliyokataa kukaa chini ya dawati. Tangu wakati huo nimepikia wajenzi wa barabara, nimeuza mitumba Moyale, nimelala juu ya malori ya ng'ombe. Popote nilipofika niliuliza. Hiki kinaitwaje? Kwa nini huku mnafanya hivi na kule hawafanyi? Madereva walinibandika jina la Maswali, na mimi nililipenda.

Leo, wasomaji wenzangu, nataka kuwaeleza juu ya siku ambayo sikuuliza. Laiti ningeuliza!

Mimi na mdogo wangu Akiru tulizaliwa Ngaremara, kando ya lami inayotoka Isiolo kwenda kaskazini. Mama yetu alifariki Akiru akiwa bado ananyonya. Tulilelewa na Nyanya, mama wa mama yetu, aliyekuwa na mbuzi wachache na makaa ya kuwauzia wasafiri.

Nyanya hana meno mawili ya chini, yale ya katikati. Yaling'olewa alipokuwa msichana, kwa mila ya Waturkana wa zamani. Enzi zao msichana aliyebaki na meno yote alichekwa. Walisema ana mdomo wa punda! Pengo ndilo lililokuwa uzuri wenyewe. Nyanya alituambia jinsi vijana walivyoimba juu ya pengo lake, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuja kuwatoa meno wasichana wengine, kwa sindano nene ya kushonea ngozi. Mila hiyo ilikwisha kitambo. Hakuna msichana wa rika langu aliyeikubali. Sindano ilibaki imechomekwa kwenye fito za zizi la mbuzi, kazi yake ikawa kushona viatu vilivyokatika.

Sisi wajukuu tulikuwa na meno yote. Lakini yalikuwa ya kahawia.

Ni maji ya kisima. Yana madini ambayo huingia ndani ya jino la mtoto hata kabla halijatoka kwenye fizi. Watoto wote tuliocheza nao walikuwa hivyo, wengine madoa, wengine mistari, wengine rangi nzito kabisa. Hatukujua kama ni kasoro. Utajuaje, kama kila anayekuchekea ana meno kama yako?

Na Akiru alikuwa mchekaji... Jamani! Alicheka kichwa kikiwa nyuma na mdomo wazi mpaka mbuzi wakageuka kumtazama. Nyanya alikuwa akisema, "Huyu atameza nzi wote wa Ngaremara." Naye alizidi kucheka.

Alipomaliza darasa la nane alipata nafasi katika shule ya sekondari ya kutwa mjini Isiolo. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba huko huko mjini, mtaa wa Bulla Pesa, nikiuza chapati na maharagwe. Nikamchukua nikae naye. Nilijiambia, mimi nilishindwa na shule, huyu atasoma kwa niaba yetu wawili.

Muhula wa kwanza haukuisha kabla sijauona mkono.

Alikuwa akiniambia jambo la kuchekesha, na kicheko kilipokuja, mkono wake wa kushoto ulipanda ukafunika mdomo. Nilimuuliza ana nini. Akasema hana kitu. Kesho yake tena. Baadaye akawa anafunika hata akiongea, hata akila.

Siku moja nilimpelekea kalamu alizosahau. Wasichana watatu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha darasa. Mmoja akaniuliza, "Unatafuta nani?" Nikasema Akiru. Wakatazamana.

"Akiru gani? Aah... Chai!" akasema mwingine. "Chai ya rangi! Wewe, Chai, unaitwa na sistako!"

"Angalia na yeye," wa tatu akanong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika. "Hata yeye ni birika."

Wakaanguka kwa kicheko. Meno yao yalikuwa meupe kama maziwa. Mimi nimetukanwa na madereva, nimetukanwa na askari wa vizuizi, nikawajibu. Siku hiyo niliibana tu midomo yangu. Akiru alikuja ametazama chini, akachukua kalamu, akaniambia polepole, "Usije tena shuleni, tafadhali."

Hakunionea aibu mimi. Aliona aibu kwamba wameona meno ya ukoo.

Basi akaanza kuyasugua. Alisugua kwa jivu. Alisugua kwa mchanga laini. Alisugua kwa chumvi na limau mpaka mswaki ukatoka na damu. Niliamka nikamkuta ameinama kwenye karai, mabega yakitikisika. Kila alipomaliza aliniita nitazame. "Yamepungua? Niambie ukweli." Ningemwambia nini? Hayakuwa na uchafu wa kutoka. Rangi ilikuwa ndani ya jino, kama rangi ya mti ilivyo ndani ya mti.

Nilimpeleka hospitali. Daktari wa meno alimtazama kwa upole, akatueleza habari ya maji na madini. Akasema kuna njia za kuyafunika, lakini si pale, ni katika hospitali kubwa za mbali, na ni vizuri tungoje akue kidogo. Akiru akamwambia, "Basi yang'oe." Daktari akacheka akidhani ni mzaha. "Meno haya ni mazima na imara, binti. Yatakufikisha uzeeni. Siwezi kung'oa jino zima."

Tulipotoka nje Akiru alisema neno ambalo bado linanitoboa masikio. "Mimi sitaki kufika uzeeni nayo."

Kilichomliwaza ni simu. Ilikuwa na programu ya kupamba picha. Unajipiga, unagusa mahali, meno yanakuwa meupe na ngozi inakuwa laini. Akiru alijipiga picha kila siku. Katika simu alicheka kama zamani, mdomo wazi! Kisha aligusa kioo, kahawia ikatoweka, na msichana mwingine akatokea. Nilimkuta amekaa kitandani akimtazama msichana yule kama mtu anayemtazama jamaa aliyehamia mbali.

Sasa niwaambie kuhusu Kendi.

Kendi alikuwa rafiki yangu kuliko wote pale mtaani. Alitoka upande wa Meru, akafungua saluni ndogo ya kusuka nywele mlango wa tatu kutoka kwangu. Tuligawana chumvi, tuligawana siri. Akiru alipotoka shule alipitia kwake, akamshikia nyuzi za kusukia. Pale saluni wasichana walikuwa wakizungumza uzuri kutoka asubuhi hadi jioni. Nani amekuwa mweupe, nani amenenepa vizuri, nani angependeza kama angepungua. Kila mtu alikuwa na kitu cha kuongezwa au kupunguzwa.

Nilipata kazi Sericho, kuwapikia watu waliokwenda kuchimba kisima. Ndiyo... kisima! Mwendo ni mrefu na mtandao wa simu ni wa kubahatisha. Nilisita kumwacha Akiru. Kendi akanishika bega.

"Nenda tu, Nawoi. Si niko? Mtoto wako ni mtoto wangu. Nitamwangalia kama mboni ya jicho."

Nikaenda. Na kusema kweli, moyo wangu wa kuzurura ulifurahi.

Sericho niliona watu wakiyatazama maji yanayotoka ardhini kama watu wanaotazama mtoto akizaliwa. Wazee walilia. Ngamia walisukumana. Mimi nilisimama na mwiko mkononi, nikamuuliza mchimbaji kama maji haya nayo yatawabadilishia watoto meno. Akasema yatapimwa kwanza. Nikauliza yanapimwaje. Nikauliza yakikutwa na madini watafanya nini. Nikauliza na kuuliza, mpaka akaniambia, "Mama, chakula kinaungua."

Ilikuwa wiki hiyo hiyo simu ilipolia. Ni Nyanya, kwa simu ya jirani. Sikuwahi kumsikia na furaha namna ile.

"Nawoi! Mdogo wako amekuja nyumbani. Amekuja kwangu mwenyewe, kwa miguu yake, akaniomba nimtoe meno ya chini. Kama mimi! Amesema anataka kuwa mwanamke wa kwetu. Nimemtoa. Hakulia hata kidogo! Amekuwa mzuri... njoo umwone."

Akiru? Akiru anayeomba meno meupe, aende kutafuta pengo la bibi? Swali lilinifika hapa, kwenye ulimi. Kwa nini? Lakini sauti ya Nyanya ilikuwa na furaha kama ya bibi harusi, na mtandao ulikuwa unakatika. Nikacheka tu. Nikasema, "Haya, Nyanya, msalimie." Simu ikakata.

Jioni niliwasimulia wachimbaji kama kichekesho. Tukacheka wote!

Ee Mungu, nilicheka...

Niliporudi, kazi ilipokwisha, sikupitia Bulla Pesa. Nilinyoosha moja kwa moja Ngaremara. Nilimkuta Nyanya ameketi mlangoni na kikombe cha chai kilichopoa. Akaniambia Akiru hawezi kunywa. Taya limekaza. Alidhani ni uvimbe wa kidonda, akampaka mafuta, akampaka jivu.

Niliingia ndani. Akiru alikuwa amelala chali, shingo ngumu kama fito. Mlango ulipolia kidogo nyuma yangu, mwili wake wote ukashtuka, mgongo ukajikunja kama upinde, na meno yakasagana. Nilipiga magoti karibu yake. Macho yake yalinitambua.

Na alikuwa anatabasamu.

Nilidhani anafurahi kuniona! Nilimwambia, "Akiru, nimekuja." Tabasamu halikubadilika. Lilibaki pale pale, limevutwa kutoka pembe zote mbili za mdomo, huku machozi yakimtiririka kuelekea masikioni.

Jirani mwenye pikapu alitubeba. Nilimlaza Akiru mapajani mwangu, Nyanya mbele na dereva. Kila tuta la barabara lilimpiga kama fimbo. Katikati ya njia alianza kuongea, kupitia meno yaliyofungwa, neno moja moja. Niliweka sikio kwenye midomo yake.

Aliniambia Kendi ndiye aliyempa habari za fundi mmoja anayezunguka mijini, anayebandika meno ya bandia, meupe, mazuri. Lakini fundi huyo hang'oi. Anaogopa kushtakiwa. Anajaza tu mahali palipo na pengo. Kwa Akiru meno mabaya kuliko yote yalikuwa yale mawili ya chini, yaliyoonekana kila alipofungua mdomo kuongea. Daktari alikataa kuyang'oa. Ni nani mwingine duniani aliyejua kung'oa meno mazima, mawili ya chini, na kuona ni jambo jema?

"Nilimdanganya Nyanya," alisema. "Nilimwambia... ni mila. Usimwambie. Naomba... usimwambie."

Nikamwahidi.

Hospitali walisema ni pepopunda. Wakamweka katika chumba kilichofunikwa dirisha kwa blanketi, kwa sababu mwanga ulimchoma na kelele zilimrusha. Muuguzi alinieleza kwamba ugonjwa huu huingia kwa kidonda kilichoguswa na udongo au mavi ya mifugo. Nikaiona ile sindano kwenye fito za zizi. Nikaiona kama iko mbele yangu. Nikamuuliza ile sura ni ya nini, kwa nini anatabasamu na huku anateseka? Akasema si tabasamu. Ni misuli ya uso inavutwa na ugonjwa.

Msichana aliyefunika mdomo kwa zaidi ya mwaka sasa alikuwa ameonyesha meno yake yote yaliyobaki, kwa kila aliyeingia, na mkono haukuweza kupanda kuyafunika. Nilijaribu kumfunika mimi kwa kiganja changu. Muuguzi akaniondoa taratibu, akasema usimguse, utamletea mshtuko.

Alikufa mchana, watu wakiendelea na kazi zao huko nje. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Wanawake waliomwandaa walishindwa kuifunga midomo ile. Walijaribu. Nyanya akawaambia waache. Akaivuta shuka taratibu mpaka chini ya pua. "Hivi ndivyo alivyopenda," akasema.

Baada ya maziko nilikwenda kwa Kendi. Nilimkuta anamsuka mteja. Hakuinua kichwa.

"Pole, Nawoi," akasema. "Lakini usinitazame hivyo. Mimi nilimwambia tu pengo linahitajika. Sikumwambia alitafute kwa sindano ya mbuzi!"

"Ulijua amekwenda wapi?"

Vidole vyake viliendelea kusuka. "Alisema anaenda kwa bibi yake. Ningemkataza asiende kwa bibi yake?"

"Ulijua anaenda kufanya nini?"

Alikaza msuko. Mteja akasema, "Unaniumiza, dada." Kendi akalegeza nywele. Hakunijibu, na mpaka leo hajanijibu. Nilihama chumba kile.

Kule Ngaremara mambo yalikuwa mabaya zaidi. Watu wa serikali walikuja kumhoji Nyanya. Majirani waliacha kuleta watoto wao kwake. Wengine walimwita mchawi, wengine muuaji, watu wale wale aliowapokea wakizaliwa! Nyanya hakujitetea. Aling'oa ile sindano kutoka kwenye zizi akaizika. Kisha akaacha kula.

Nilikaa naye. Kila siku ahadi yangu kwa Akiru ilinielemea. Nikimwambia Nyanya ukweli, labda atajua hakuwa peke yake katika kosa. Lakini nitakuwa nimempokonya kitu kimoja alichobaki nacho, kwamba mjukuu wake alitaka kufanana naye. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Asubuhi moja alikuwa ameketi juani. Akaniuliza bila kunitazama, "Alitaka kuwa kama mimi, sivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, Nyanya."

Akageuka kunitazama. Halafu akasema, "Unadanganya vibaya. Kwa mtu anayeuliza sana, hujui kujibu."

Nikaanza kulia.

"Nilijua," akaendelea. "Aliponiomba alikuwa amefunika mdomo. Mtu anayetaka kuwa mzuri kwa macho ya nyumbani hafuniki mdomo akiwa nyumbani. Nilijua kuna macho mengine anayoyatafuta. Lakini, mwanangu, unajua nilianza lini kwenda Isiolo? Nilikuwa mke kijana. Nilikwenda kununua sukari, nikamchekea mwenye duka, na wanawake waliokuwa dukani wakaonyeshana pengo langu. Tangu siku hiyo, nikifika mjini, mkono wangu unapanda wenyewe. Hukuwahi kuona?"

Sikuwahi kuona. Mimi, Maswali! Nilitembea naye mjini tangu utotoni, na sikuwahi kuuliza kwa nini Nyanya huongea na wenye maduka kiganja kikiwa mdomoni. Akiru aliona. Akiru alijifunza mkono ule kwake.

"Miaka yote hiyo," Nyanya akasema, "halafu mtoto wa mjini, msomi, anakuja kuniomba mdomo wangu. Niliona nikimuuliza sababu atabadili nia. Kwa hiyo sikuuliza."

Hata yeye hakuuliza. Tuliketi pale mpaka kivuli kikahama. Siku hiyo alikunywa uji kidogo.

Sasa ninazurura tena, lakini sizururi kama zamani. Akiru huja nami. Namwona kwa wasichana wa shule wanaorudi nyumbani mchana, mmoja akicheka na mkono ukipanda. Namwona usingizini ametabasamu lile tabasamu, nami namsihi afunge mdomo, na hawezi. Naamka nimeufunika wangu.

Wasomaji wenzangu, hasa nyinyi mabinti, naombeni mnisikie. Mnayemchukia kwenye kioo hana kosa. Nyanya alitolewa meno ili awe mzuri, na mji ukamcheka kwa pengo. Akiru alichekwa kwa meno, akakimbilia pengo. Uzuri wa watu hauna mwisho. Ukiufukuza utakubadilishia njia kila mara. Na nyinyi mnaowapa wenzenu majina ya chai na birika, mnadhani ni mzaha wa dakika moja. Mwenzenu anaupeleka nyumbani, analala nao, anauamkia.

Na ninyi akina mama, akina dada, msiupite mkono uliofunika mdomo. Ushusheni. Ulizeni kwa nini, na mkijibiwa "hakuna kitu", ulizeni tena.

Jambo moja zaidi, kisha nitanyamaza. Juzi Nyanya aliniomba picha ya Akiru ya kuweka ukutani. Nilifungua simu aliyoiacha Akiru. Picha zilikuwa mamia. Nilizipitia zote, moja baada ya nyingine, kuanzia asubuhi. Katika kila moja msichana mwenye meno meupe sana ananichekea.

Sikumpata dada yangu hata kwenye moja.